Wikio Juu ya Kichochoro: Viendelezi vya Tovuti na Nyumba za Wageni za Mkomani

Chanzo cha mkanganyiko

Wenye nyumba za wageni katika mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, hupewa mashauri mawili yanayopingana. Fundi mmoja wa tovuti huwaambia kwamba tovuti haiwezi kuleta wageni mpaka iongezewe viendelezi vya kupokea maombi ya vyumba, vya kulipia kwa M-Pesa, vya kutafsiri kurasa na vya kuipandisha katika matokeo ya Google. Fundi wa pili, akiitwa baada ya tovuti hiyo kuwa nzito au kuvamiwa na wadukuzi, huwaambia kwamba viendelezi hivyo hivyo ndivyo vilivyoiharibu na kwamba dawa ni kuving'oa vyote. Mashauri yote mawili hutolewa kwa yakini na yote mawili yana ukweli ndani yake, na hilo ndilo linalomwacha mwenye nyumba asijue amsikilize nani. Makala haya yanashikilia kwamba idadi ya viendelezi ni kipimo hafifu, na kwamba kipimo chenye manufaa ni mzigo ambao kila kiendelezi kinaubeba, pamoja na mtu anayewajibika kukitunza baada ya fundi aliyekiweka kupanda boti na kwenda zake.

Mfumo, kulabu na kiendelezi

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta iliyounganishwa na intaneti saa zote, na inayomwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kuchapisha maelezo, picha na bei kwa kujaza fomu, huku yote yakihifadhiwa katika hifadhidata na ukurasa ukiundwa pale msomaji anapoufungua. Mfumo unaotumika zaidi duniani ni WordPress, uliotolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ambao sasa unaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Drupal iliutangulia mwaka 2001, na Joomla ikazaliwa mwaka 2005, pale watengenezaji wa mfumo ulioitwa Mambo walipojitenga na kuchukua neno la Kiswahili "jumla", wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza. Msomaji wa Lamu ana haki ya kulifurahia jina hilo, na pia kulichukua kwa uzito, kwa kuwa linaeleza hali ya tovuti hizi zote: kila moja ni jumla ya vipande vilivyotengenezwa na watu wengi, wengi wao wasiofahamiana.

Vipande hivyo ndivyo viendelezi. WordPress huviita programu-jalizi, Drupal huviita moduli, na Joomla hutumia neno viendelezi kwa kila kinachoongezwa, vikiwemo violezo vya sura na pakiti za lugha. Katika WordPress mlango wake ulifunguliwa na toleo la 1.2 la Mei 2004, lililoleta utaratibu wa kulabu: katika hatua mbalimbali za kuunda ukurasa, mfumo husimama na kutazama kama kuna msimbo wowote ulioangikwa hapo, na ukiwepo huutekeleza kabla ya kuendelea. Kwa njia hiyo mtu yeyote anaweza kuubadilisha mwenendo wa mfumo bila kuugusa mfumo wenyewe, na ghala rasmi la WordPress leo lina viendelezi vya bure vipatavyo 60,000.

Lisiloelezwa mara nyingi ni kwamba kiendelezi cha WordPress kikishawashwa hufanya kazi kwa mamlaka yale yale ya mfumo. Kinaweza kusoma hifadhidata yote, kumwongeza msimamizi mpya au kufuta kurasa, hata kama kazi yake iliyotangazwa ni kuonyesha hali ya hewa pembeni mwa ukurasa. Mkazi wa Mkomani ana mfano wa karibu wa jambo hili. Wikio, chumba kinachojengwa juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, humwongezea mwenye nyumba nafasi ambayo kiwanja hakikumpa, lakini boriti zake hulalia kuta mbili, na ukuta mmoja ukipasuka mashaka ni ya nyumba zote mbili. Aidha, upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu hufuata urefu wa boriti za mikoko, ambao hauzidi sana mita 3. Waashi waliujua mpaka huo na wakaongeza urefu wa chumba badala ya upana wake. Tovuti nayo ina mipaka ya namna hiyo, ila haionekani kwa macho, na kwa sababu hiyo huvukwa bila mtu kutambua.

Haja iliyopo

Haja ya viendelezi Mkomani si ya kubuniwa. Nyumba inayowapata wageni kupitia majukwaa makubwa ya kimataifa ya kukodisha vyumba hulipa kamisheni, ambayo kwa Booking.com huwa karibu asilimia 15. Chumba cha Sh6,000 kwa usiku kikikodishwa kwa njia hiyo humwachia mwenyewe Sh5,100, na usiku wa kumi unapofika Sh9,000 zimekwenda. Tovuti inayoweza kupokea ombi la chumba na malipo moja kwa moja huziacha fedha hizo Lamu, nazo ni ujira wa fundi wa chokaa au wa mpishi.

Malipo ndiyo yanayolazimisha kiendelezi kuliko jambo jingine lolote. WooCommerce, kiendelezi kinachoigeuza WordPress kuwa duka, kilitolewa mwaka 2011 na kampuni ya WooThemes, yenye asili yake Cape Town, kabla ya kununuliwa na Automattic ya Marekani mwaka 2015. Lakini hakikuja na M-Pesa, ambayo Safaricom iliianzisha Machi 2007 na ambayo mgeni wa kutoka Nairobi au Mombasa hutarajia kuitumia. Kuanzia mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, njia rasmi ya programu kuzungumza na M-Pesa, na watengenezaji wa Kenya wakaandika viendelezi vya kuiunganisha na WooCommerce. Zipo pia kampuni za kati kama Pesapal ya Nairobi, zinazopokea M-Pesa na kadi za benki kwa pamoja. Kwa vyovyote vile, bila kipande cha kuongezwa, tovuti haiwezi kulituma lile ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mgeni na kumtaka aweke namba yake ya siri.

Lugha ni haja ya pili, na ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi chaguo la mfumo linavyotangulia chaguo la viendelezi. Nyumba inayotaka kurasa zake zisomeke kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano italazimika kuweka kiendelezi kama Polylang au WPML ikiwa imejengwa kwa WordPress, kwa kuwa WordPress yenyewe huchapisha katika lugha moja. Joomla imeuchukua uwezo huo ndani ya kiini chake tangu toleo la 1.6 la Januari 2011, na Drupal tangu toleo la 8 la Novemba 2015. Anayechagua WordPress kwa sababu ndiyo maarufu, kisha akaongeza kiendelezi cha lugha kinachogusa kila ukurasa wa tovuti, amejitwika mzigo ambao katika mfumo mwingine usingekuwepo. Hata hivyo mafundi wa WordPress wanapatikana kwa urahisi kuliko wa Joomla au Drupal, na katika kisiwa ambako fundi hulipiwa nauli, hilo nalo lina uzito wake.

Msimamo wa kuongeza kwa wingi

Wanaotetea viendelezi vingi wana hoja zenye nguvu. Kiendelezi kinachotumiwa na tovuti laki kadhaa kimejaribiwa katika mazingira ambayo fundi mmoja asingeweza kuyafikiria, na kasoro zake huripotiwa na watu wengi. Tena hupatikana bure, au kwa ada ya mwaka iliyo ndogo kuliko gharama ya kuajiri mtu akiandike upya. Kwa mwenye nyumba asiye na mtaji, hii ndiyo njia pekee ya kuwa na kalenda ya vyumba, fomu ya maombi na ramani ndani ya wiki moja.

Udhaifu wake huanzia kwenye uzito. Viendelezi vingi hupakia mafaili yao ya mtindo na ya hati katika kila ukurasa, hata ule ambao havina kazi ndani yake, kiasi kwamba mgeni aliyefungua ukurasa wa kuulizia njia ya kufika kutoka uwanja wa ndege wa Manda hulipia kwa bando lake la simu kalenda ambayo hakuiomba. Lakini ni haki kusema pia kwamba tovuti nyingi zinazolaumu viendelezi zimelemewa na picha. Picha ya paa la makuti na bahari nyuma yake, ikitoka kwenye simu ikiwa na megabaiti 5 na kuwekwa ilivyo, ina uzito zaidi kuliko viendelezi kadhaa kwa pamoja. Na tiba inayouzwa, yaani kiendelezi cha kuharakisha tovuti, hufunika tatizo ambalo lingemalizwa kwa kuipunguza picha kabla ya kuipandisha.

Udhaifu mwingine ni kwamba viendelezi hubaki hata haja yake ikiisha. Toleo la 5.5 la WordPress, lililotoka Agosti 2020, liliingiza ndani ya kiini uwezo wa kuchelewesha picha mpaka msomaji azifikie, ramani ya tovuti kwa ajili ya injini za utafutaji, na njia ya kuviacha viendelezi vijisasishe vyenyewe. Toleo la 5.8 la Julai 2021 likaongeza upokeaji wa picha za aina ya WebP, ambazo ni nyepesi zaidi. Kila moja ya kazi hizo iliwahi kuwa sababu ya kuweka kiendelezi, na tovuti zilizojengwa kabla ya hapo bado zinavibeba, vikiwa wazi kwa wadukuzi bila faida yoyote.

Msimamo wa kukataa

Upande wa pili kuna wanaosema kila kitu kiandikwe mahususi au tovuti iwe ya kurasa tuli, yaani mafaili yaliyokwisha kuundwa ambayo seva huyatoa kama yalivyo bila hifadhidata. Kurasa tuli hufunguka haraka na hazina milango mingi ya kuvunjwa. Kwa nyumba yenye vyumba vitatu, ambayo mwenyewe hujibu maombi kwa WhatsApp na kupokea malipo kwa namba yake ya Till, huo ni uamuzi wa busara, na fundi anayemuuzia mtu huyo mfumo mzima wa kukodisha vyumba hamtendei haki.

Msimbo ulioandikwa mahususi ni habari nyingine. Huwa na usafi wa kazi iliyokatwa kwa kipimo, lakini hujulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo akipata ajira Nairobi au Dubai hapatikani wa kuurithi. Kasoro iliyomo haitangazwi na yeyote, kwa kuwa hakuna mwingine anayeutumia. Ukimya huo hudhaniwa kuwa usalama.

Kati ya misimamo hiyo ipo ya kuikabidhi tovuti kwa kampuni kama Wix au Squarespace, ambazo hubeba usalama na masasisho zenyewe na kuruhusu viendelezi vya ghala lao tu. Gharama yake ni ada ya kila mwezi inayofuata bei ya dola, na ugumu wa kuhama baadaye. Kwa asiye na fundi wa karibu, ni afadhali kuliko WordPress iliyotelekezwa.

Mtu wa mbali mwenye ufunguo

Hatari kubwa ya viendelezi haitokani na wingi wake. Hutokana na ukweli kwamba kila kimoja kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadilika. Mwaka 2017 kiendelezi cha Display Widgets, kilichokuwa katika tovuti zipatazo 200,000, kiliuzwa na aliyekiandika; mmiliki mpya akaingiza ndani ya sasisho msimbo uliochapisha matangazo ya siri katika tovuti za watu, na kiendelezi kikaondolewa kwenye ghala rasmi zaidi ya mara moja kabla ya kufungiwa kabisa. Aliyesasisha kwa uaminifu, kama alivyoshauriwa, ndiye aliyeupokea msimbo huo. Mwaka 2020 ikawa kinyume chake: kasoro iligunduliwa katika WP File Manager, kiendelezi cha kupanga mafaili kilichokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, na wavamizi wakaanza kuitumia mara moja, hivyo aliyechelewa kusasisha ndiye aliyeumia.

Ghala lenyewe halikusalimika na migogoro. Oktoba 2024, katika ugomvi kati ya Mullenweg na kampuni ya WP Engine, waendeshaji wa ghala la WordPress walikichukua kiendelezi cha Advanced Custom Fields, mali ya WP Engine, wakakibadilisha jina kuwa Secure Custom Fields, na tovuti zilizokuwa zikikitumia zikapokea mabadiliko hayo kama sasisho la kawaida. Mahakama ya Marekani iliamuru Desemba ya mwaka huo hali irejeshwe kama awali, lakini somo lilikuwa limekwisha kuonekana: hata njia ya masasisho ina mwenyewe.

Viendelezi huweza pia kuifunga tovuti mahali pamoja. Msaada kwa Joomla 3 ulikoma Agosti 2023, na kwa Drupal 7 mnamo Januari 2025. Tovuti ambayo kiendelezi chake cha vyumba hakikuhamishwa na mtengenezaji wake kwenda toleo jipya ililazimika kuchagua kati ya kubaki na mfumo usiolindwa tena na kuiacha kalenda yake. Kiendelezi kidogo, pengine cha bure, ndicho kinachoamua umri wa tovuti nzima.

Miezi ya masika

Lamu ina hali yake ambayo vitabu vya mafundi wa mbali havikuifikiria. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zikikutana na mwanzo wa kusi, wageni hupungua, nyumba nyingi hufungwa kwa ukarabati, na tovuti hubaki bila mtu wa kuitazama. Sasa, WordPress haina saa yake yenyewe: kazi zilizopangwa, kama kuchukua nakala rudufu au kutafuta masasisho, huanza pale mtu anapoifungua tovuti, kwa kuwa ni ziara hiyo inayouamsha mfumo utazame kama kuna kazi iliyofikia wakati wake. Tovuti isiyotembelewa huchelewesha ulinzi wake wakati ule ule ambapo haina mlinzi. Tiba ipo, nayo ni kumwomba mwenye seva apange saa ya seva yenyewe iuamshe mfumo kila baada ya muda, kazi ya dakika chache ambayo fundi huisahau kwa sababu tovuti aliikabidhi mwezi wa Desemba, ikiwa na wageni tele.

Kalenda nazo huathirika. Viendelezi vya vyumba hubadilishana tarehe na Airbnb au Booking.com kwa faili la iCal linalosomwa kwa vipindi, wala si papo hapo; chumba kilichochukuliwa upande mmoja asubuhi huweza kuonekana wazi upande wa pili kwa saa kadhaa. Mwezi wa Mei hilo halina madhara. Siku za Maulidi, mji ukiwa umejaa, humaanisha familia mbili zenye mizigo kwenye daka moja la mlangoni.

Fedha na taarifa za wageni

Viendelezi vinavyogusa fedha vinahitaji kuangaliwa peke yake. Mgeni anapolipa kwa M-Pesa, Safaricom hutuma jibu kwenye anwani maalumu ndani ya tovuti, na kiendelezi hulingoja jibu hilo ndipo kiandike kwamba chumba kimelipiwa. Kiendelezi cha usalama kilichowekwa baadaye na fundi mwingine huweza kulidhania jibu hilo kuwa ni uvamizi na kulizuia. Simu ya mwenye nyumba inalia, ujumbe wa fedha umeingia, mgeni anao wake. Tovuti inaendelea kuandika kwamba malipo yanasubiriwa, na baada ya muda inakirudisha chumba sokoni. Kila kiendelezi kimefanya kazi yake sawasawa, na kosa limo katika kukutana kwao, ambako hakuna mtengenezaji hata mmoja aliyekujaribu.

Taarifa za wageni nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu kuiarifu ofisi ya Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua kwamba zimevuja, na faini yake huweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, yoyote iliyo ndogo. Viendelezi vingi vya fomu huhifadhi kila kilichojazwa, zikiwemo nakala za pasipoti, bila kikomo cha muda, na mwenye nyumba huwa hajui kwamba zimo.

Kupima

Misimamo yote ikiwekwa mezani, kinachoelekea kufaa zaidi nyumba ya Mkomani inayotaka kupokea wageni moja kwa moja ni viendelezi vichache vinavyobeba mzigo, yaani malipo, kalenda, nakala rudufu, na lugha ikiwa mfumo wenyewe hauna, huku mapambo yote yakiachwa au kufanywa kwa uwezo uliomo tayari ndani ya kiini. Kiendelezi cha malipo kichaguliwe kwa kutazama kilisasishwa lini mara ya mwisho, kinadumishwa na kampuni au na mtu mmoja, na kama kina njia ya kutolea taarifa zote siku kitakapoachwa. Kujisasisha kwenyewe kunafaa kwa viendelezi vidogo. Kwa malipo na kalenda ni salama zaidi kusasisha kwanza kwenye nakala ya tovuti, kisha kulipia chumba kwa shilingi chache za majaribio na kuona kama jibu limefika.

Linalobaki kuwa gumu ni mtunzaji. Nyumba moja haiwezi kumlipa fundi wa kudumu, lakini nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinaweza kumgawana kijana mmoja wa Lamu aliyejifunza mfumo mmoja vizuri, na viendelezi vile vile katika tovuti zote humrahisishia kazi. Mpango huo una gharama yake, nayo lazima ikubaliwe kwa macho wazi: kasoro ikitokea katika kiendelezi wanachokitumia wote, nyumba zote huathirika siku moja, kama kuta mbili zinazobeba wikio moja. Kwa hiyo nenosiri la msimamizi na usajili wa jina la tovuti vibaki mikononi mwa kila mwenye nyumba, na nakala rudufu ya kila tovuti iwekwe nje ya seva, katika diski iliyomo nyumbani, ifunguliwe na kujaribiwa mwezi wa Machi, kabla wageni wa mwisho wa kaskazi hawajaondoka na milango haijafungwa kwa ajili ya mvua.